Kipimo cha Mkaja: Fizikia ya Mavazi ya Kubana Baada ya Upasuaji

Katika kisiwa cha Pemba, kama ilivyo kote katika mwambao wa Waswahili, mwanamke aliyejifungua hufungwa tumbo kwa kitambaa kirefu kiitwacho mkaja. Kazi hiyo hufanywa na mkunga au mtu mzima katika jamaa, nayo huendelea katika siku za arobaini ya uzazi. Kitambaa huzungushwa kiunoni mara kadhaa, hukazwa, kisha ncha yake huchomekwa. Wafungaji hawatumii chombo cha kupimia. Kipimo chao ni mkono uliozoea, pamoja na kauli ya mzazi mwenyewe asemapo kwamba sasa panatosha.

Siku hizi jamaa ya mkaja imeongezeka. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa huenda akapewa mkanda mpana wa mpira. Mwanamume aliyefanyiwa operesheni ya busha huambiwa avae nguo ya ndani yenye kubana kiasi. Aliyeungua moto hushonewa vazi la kulikandamiza kovu. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila mjini Dar es Salaam, ilianza kutoa huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, zikiwamo za kupunguza mafuta mwilini. Baada ya upasuaji wa namna hiyo, kwa desturi ya waganga wengi duniani, mgonjwa huvishwa vazi linalombana tangu chini ya kifua hadi mapajani, naye hukaa nalo kwa majuma kadhaa. Madukani nako mikanda ya tumbo huuzwa kwa yeyote aitakaye, bila ya mnunuzi kupimwa.

Watu wengi huamini kwamba kadiri vazi linavyobana ndivyo linavyoponya upesi. Imani hiyo ni ya hatari. Vazi lenye kubana ni dawa, na kama dawa nyingine lina kiasi chake: likipungua halisaidii, likizidi hudhuru. Jambo jema ni kwamba kiasi hicho kinaweza kukokotolewa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza.

Kwa nini mwili uliopasuliwa huvimba

Damu hufika katika kila sehemu ya mwili kwa kupitia mishipa myembamba mno iitwayo kapilari. Kuta za kapilari hupitisha maji. Kanieneo ya damu, yaani kani igawanywayo kwa eneo inaloliangukia, huyasukuma maji nje ya kapilari. Protini zilizomo ndani ya damu, kwa upande wao, huyavuta maji yarudi ndani. Mizani hii ya kusukuma na kuvuta ilielezwa mwaka 1896 na mtaalamu wa fiziolojia wa Uingereza, Ernest Starling.

Kwa wastani, kanieneo ya damu mwanzoni mwa kapilari ni kama milimita 35 za zebaki, na mwishoni ni kama 15. Mvuto wa protini ni kama 25. Kwa hiyo maji hutoka zaidi upande mmoja na kurudi zaidi upande wa pili, na yale machache yabakiayo nje hukusanywa na mishipa ya limfu, ambayo huyarudisha katika mkondo wa damu.

Kisu cha mganga huvuruga mizani hiyo. Kapilari zilizojeruhiwa huvujisha maji mengi, mishipa ya limfu iliyokatwa haiwezi kuyabeba, na mahali palipoondolewa mafuta au nyama hubaki uwazi ambamo maji na damu huweza kutuama. Vazi la kubana limekusudiwa kufanya mambo mawili. Kwanza, huongeza kanieneo ya nje, na hivyo kupunguza maji yatokayo katika kapilari. Pili, hulaza ngozi juu ya nyama iliyo chini yake ili vishikane na uwazi uzibike.

Ikiwa kanieneo inayopingwa ni baina ya milimita 15 na 35, ni dhahiri kwamba vazi halihitaji nguvu nyingi. Soksi ndefu wanazovishwa wagonjwa walalao hospitalini ili damu isigande miguuni hubana kwa milimita zipatazo 18 kwenye kifundo cha mguu, zikipungua hadi 8 hivi pajani. Mavazi ya makovu ya moto hukusudiwa kufikia kama 25. Vazi likizidi sana hapo, hufunga kapilari zenyewe, na ngozi ambayo tayari imejeruhiwa hukosa damu ya kuiponya.

Sheria ya Laplace

Je, mkono uvutao kitambaa hutoa milimita ngapi? Jibu limo katika kanuni iliyoachwa na Pierre-Simon Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeishi tangu 1749 hadi 1827. Kwa kitu chenye umbo la mcheduara, kanieneo ni sawa na mvutano wa kitambaa kwa kila mita ya upana wake, ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha kitu kilichofungwa.

Chukua bendeji yenye upana wa sentimita 10, ivutwe kwa kani ya nyutoni 10, ambayo ni karibu sawa na uzito wa kilo moja ya sukari. Mvutano wake ni nyutoni 100 kwa kila mita. Kifundo cha mguu chenye mzingo wa sentimita 22 kina nusu kipenyo cha sentimita 3.5. Mia moja ukigawanya kwa 0.035 hupata paskali 2,857. Kwa kuwa milimita moja ya zebaki ni paskali 133, hizo ni milimita 21 hivi. Kwenye shavu la mguu lenye mzingo wa sentimita 36, mvutano ule ule hutoa milimita 13. Kiunoni, penye mzingo wa sentimita 88, hutoa milimita 5 tu na ushei.

Mafunzo matatu yanatokana na hesabu hii fupi.

La kwanza ni kwamba mkono mmoja ukivuta kwa nguvu ile ile hautoi kanieneo ile ile kila mahali. Sehemu nyembamba hubanwa zaidi na sehemu nene hubanwa kidogo. Mfungaji wa mkaja azungushaye kitambaa mara nne, moja juu ya nyingine, hufikisha milimita 21 kiunoni, kwa sababu kila mzunguko huongeza kanieneo yake juu ya ule uliotangulia. Mizunguko hiyo hiyo minne ikifungwa kwenye kifundo cha mguu ingetoa zaidi ya milimita 80, jambo la kuogopwa.

La pili ni kuhusu vazi lililokunjika. Ukingo wa mkanda ukijiviringisha, kani iliyokuwa imetandazwa juu ya sentimita 10 huangukia sentimita moja, na kanieneo hukua mara kumi. Mkanda uliokuwa wa kusaidia hugeuka kamba. Ndiyo maana alama nyingi za kuumizwa na mavazi haya huonekana chini ya kinyonga cha paja, kiunoni na chini ya matiti, mahali ambapo nguo hupenda kujikunja mtu anapoketi.

La tatu ni kwamba tumbo la mtu si duara. Mbele limelala, pembeni kuna mifupa ya nyonga, na mgongoni kuna bonde la uti. Mahali palipolala pana nusu kipenyo kikubwa mno, kwa hiyo hapabanwi takribani hata kidogo, na mfupa uliochomoza hubanwa kupita kiasi. Mgonjwa anayehisi kubanwa sana nyongani huenda hapati msaada wowote chini ya kitovu, mahali lilipo jeraha lake. Dawa ya hali hiyo ni kujaza bonde kwa sponji au kitambaa safi kilichokunjwa ili pawe na mviringo, badala ya kuongeza kukaza. Jambo hilo lifanywe kwa maelekezo ya mganga aliyepasua.

Kitambaa kinyumbukacho na kisichonyumbuka

Mwaka 1958 mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, aligundua uzi uwezao kuvutwa mara kadhaa ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa. Uzi huo, ambao wengi waujua kwa jina la Lycra, ndio uliowezesha kushonwa kwa mavazi ya kubana ya leo. Mkaja wa pamba hauna uzi huo. Je, ni duni?

Tofauti yake ni ya kimaumbile. Kitambaa kinyumbukacho hufuata mwili: uvimbe ukipungua nacho husinyaa, na kanieneo yake hubadilika kidogo tu. Lakini hakipumziki. Mtu akilala, chenyewe huendelea kumbana vile vile. Kitambaa kisichonyumbuka hubana kidogo mwili unapotulia, na hubana sana misuli inapovimba kwa kutembea. Hivyo husukuma maji kwa vipindi, mithili ya pampu, na mtu anapolala humwachia. Waganga wa maradhi ya miguu hutumia bendeji za namna hii kwa makusudi.

Upungufu wake ni kwamba uvimbe ukishuka kitambaa hulegea na hupaswa kufungwa upya. Tena tumbo likijaa kwa chakula au hewa, kitambaa hukaza ghafla bila ya mtu kukigusa. Mafundi cherehani wa Chake Chake na Wete wanajua vyema kwamba nguo ikikatwa mshazari huvutika zaidi kuliko ikikatwa sawa na uzi. Kwa hiyo hata kitambaa cha pamba hakina tabia moja, na jinsi kilivyokatwa ni sehemu ya kipimo chake.

Bahari kama soksi

Katikati ya karne ya 20 mhandisi Conrad Jobst, aliyekuwa akiishi Marekani na kuugua vidonda vya vena miguuni, aligundua kwamba hupata nafuu anaposimama katika maji ya bwawa la kuogelea. Alifahamu sababu yake, na baadaye akabuni soksi zinazobana zaidi chini na kupungua kuelekea juu.

Wanawake walimao mwani katika maji mafupi ya pwani za Pemba husimama ndani ya soksi ya Jobst bila ya kuivaa. Maji ya bahari yafikayo kiunoni, kwa kina cha mita moja, huukandamiza unyayo kwa milimita 75 hivi za zebaki, gotini huwa karibu nusu yake, na juu ya maji huwa sifuri. Milimita 75 hazimdhuru msimamaji, kwa kuwa nguzo ya damu ishukayo kutoka moyoni huwa nayo inakandamiza vena za kifundo kwa milimita 80 au 90 anaposimama wima. Maji huipinga nguzo hiyo hatua kwa hatua, tena pande zote sawasawa. Vazi jema huiga tabia hiyo: libane zaidi mbali na moyo, lipungue kuelekea moyoni, wala lisiwe na mahali palipokazwa peke yake.

Funzo la matende

Pemba inao uzoefu wa miaka mingi wa uvimbe usiotokana na kisu. Matende husababishwa na minyoo midogo ienezwayo na mbu, ambayo huishi katika mishipa ya limfu na kuiharibu. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagawia wakazi wa Unguja na Pemba dawa za ivermectini na albendazoli mara moja kwa mwaka. Maradhi ya vimelea huchunguzwa pia katika maabara ya Wawi, karibu na Chake Chake, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Dawa huzuia ugonjwa usienee, lakini haziwezi kuirudisha mishipa iliyokwisha haribika.

Ungedhani kwamba mguu wa tende ungefungwa bendeji kabla ya jambo lolote lingine. Sivyo. Matunzo ya msingi yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji, kuukausha vizuri hata baina ya vidole, kuuinua, kuufanyisha mazoezi na kuvaa viatu vifaavyo. Sababu ni kwamba kinachouzidishia mguu uvimbe mara kwa mara ni vijidudu vipenyavyo katika ngozi iliyochubuka. Bendeji iliyolowa jasho juu ya ngozi chafu huwapa vijidudu makao, na wakati mguu umeshikwa na homa na maumivu haupaswi kufungwa kabisa.

Funzo hilo lafaa pia kwa aliyepasuliwa. Katika joto na unyevu wa Pemba, hasa wakati wa masika, ngozi safi na kavu hutangulia vazi lolote.

Kuchagua vazi

Ushahidi wa kisayansi kuhusu mavazi haya haulingani kwa kila operesheni. Kwa mikanda ya tumbo baada ya kuzaa kwa kupasuliwa, baadhi ya majaribio yameonyesha kwamba maumivu hupungua, na mengine hayakuona tofauti kubwa. Kwa upasuaji wa kupunguza mafuta, muda wa kuvaa hutofautiana kati ya mganga na mganga. Kwa hiyo neno la kwanza ni la aliyepasua. Baada ya hapo mambo yafuatayo yazingatiwe.

1. Vazi lichaguliwe kwa vipimo vya tepu, wala si kwa uzito wa mtu au kwa herufi iliyoandikwa kwenye pakiti. Mzingo upimwe mahali kadhaa, na mguu upimwe asubuhi kabla haujavimba.

2. Vipimo vichukuliwe tena uvimbe unaposhuka. Vazi la juma la kwanza huweza kuwa pana katika juma la nne.

3. Litandae bila ya mikunjo mtu anaposimama, anapoketi na anapolala. Ajaribu hali zote tatu.

4. Kidole kiweze kupita chini ya ukingo wake, na pumzi nzito ivutike bila ya taabu.

5. Yawe mavazi mawili, moja likifuliwa jingine livaliwe. Lifuliwe kwa sabuni isiyo kali, lianikwe kivulini, lisipigwe pasi. Joto na jua kali huua unyumbukaji.

6. Vazi la mitumba huenda limekwisha poteza nguvu yake. Livutwe: lisiporudi upesi, halifai kazi hii.

7. Nguo ya aliyepasuliwa busha ni ya kuinua na kushikilia, ili damu isivilie. Haihitaji kukaza.

Dalili za hatari

Ngozi iliyo karibu na jeraha mara nyingi hufa ganzi kwa majuma au miezi. Hapo ndipo kipimo cha zamani cha mkaja kinapoanguka, kwani mzazi aliyepasuliwa hawezi kusema kwa hakika kwamba panatosha. Kwa sababu hiyo hiyo, kukandwa kwa maji ya moto juu ya mshono kwaweza kumuunguza mtu bila ya yeye kuhisi, tena huuhatarisha mshono wenyewe. Bibi au mkunga aliye nyumbani aelezwe jambo hilo kwa heshima kabla mzazi hajarudi kutoka hospitalini, kwa kuwa nia yake ni njema na mkono wake bado unahitajika.

Vitabu vingi hufundisha kutazama kama ngozi imekuwa nyeupe au nyekundu. Juu ya ngozi nyeusi rangi hizo hazionekani kwa urahisi. Ni bora kubonyeza ukucha wa mguu au wa mkono ulio mbele ya sehemu iliyofungwa, kisha kuuachia: rangi inapaswa kurudi katika muda wa sekunde mbili hivi. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikivimba, vazi lilegezwe mara moja na mganga aulizwe.

Mkanda wa tumbo uliokazwa mno una hatari nyingine. Huongeza kanieneo ndani ya tumbo na kuzuia damu inayopanda kutoka miguuni. Uchunguzi umeonyesha kwamba mwendo wa damu katika vena za paja hupungua. Damu iendayo polepole huganda. Kwa hiyo aliyepasuliwa anayesafiri kwa meli kutoka Unguja hadi Mkoani asikae kitako safari nzima, bali ainuke na kutembea kadiri awezavyo. Maumivu na uvimbe wa mguu mmoja, kifua kuuma au pumzi kukatika ghafla ni mambo ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Homa, usaha na harufu mbaya chini ya vazi havingojewi pia.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kuithibitisha sheria ya Laplace kwa vifaa vichache. Tia maji kidogo katika puto dogo, na mdomo wake ufungwe kwenye mrija mwembamba wa plastiki uonyeshao, ulioinuliwa wima. Laza kopo la maziwa ya unga lenye nusu kipenyo cha sentimita 5, lishikizwe lisibingirike, na puto liwekwe juu yake. Tia alama mahali yalipofika maji katika mrija. Kisha pitisha juu ya puto utepe wa kitambaa wenye upana wa sentimita 5, na kila ncha yake itundikwe uzito wa kilo moja. Pima maji yamepanda kiasi gani. Rudia kwa ndoo yenye nusu kipenyo cha sentimita 15.

Kwa hesabu, maji yanapaswa kupanda sentimita 40 juu ya kopo na 13 juu ya ndoo. Matokeo hayatalingana kabisa na hesabu, kwa kuwa puto lenyewe huunyanyua utepe na kubadili mviringo wake. Wanafunzi wajadili kosa hilo litakuwa la upande gani. Baadaye uzito uongezwe, utepe ukunjwe nusu upana, au ziwekwe tabaka mbili, na kila badiliko liandikwe.

Mwanafunzi atakayelifanya jaribio hili atakuwa na jambo la kupeleka nyumbani. Siku atakapomwona dada au mama yake akijikaza mkanda mpaka uso umkunjamane, ataweza kumweleza kwa nini aulegeze, na pia kuhesabu naye milimita ngapi zinatosha.